Kikundi chenu cha mazingira kisianze na miche

Watu wananiuliza imekuwaje kikundi chetu hapa Chamwino bado kipo, maana vingi vinaanza na tisheti na bango halafu mvua zikikata na vyenyewe vinakata.

Sisi mwaka wa kwanza shirika moja la kitaifa lilituletea miche mwezi wa tatu, tukapanda, tukapiga picha, basi. Sasa Dodoma mvua zinaanza Desemba hivi, Aprili zimeisha, huo mche unakutana na jua miezi saba na hakuna wa kumwagilia, maji yenyewe kina mama wanayafuata kwa ndoo, na ile michache iliyopona mbuzi wakamalizia. Iliniuma sana jamani.

Kilichotuokoa ni kisiki hai, yaani kuitunza miti inayochipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Vile vichaka mnavyofyeka shambani kila mwaka vingi ni miti, mizizi iko hai huko chini. Chagua machipukizi matatu mpaka matano yaliyonyooka, mengine kata (hizo ni kuni tayari), uliyobakisha pogolea kuanzia chini mpaka nusu ya urefu wake, halafu funga kitambaa. Hicho kitambaa msikidharau. Kwetu mama mmoja alichana kanga yake kuukuu nyekundu, akafunga kila kisiki cha mgunga shambani kwake, na mtoto anayechunga akiona ule wekundu anajua hapa pana mwenyewe anawapitisha mbuzi pembeni.

Wafugaji waiteni siku ya kwanza kabisa, sio baada ya ugomvi. Wazee wa Kondoa wanaikumbuka HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulianza 1973, mwaka 1979 mifugo ikatolewa kwenye yale makorongo na uoto ukarudi, lakini watu walihamishiwa mifugo yao kwa amri na hilo halijasahaulika. Bora mkubaliane.

Na shirika likija na kampeni yake pokeeni, ila na nyie muwe na ya kwenu, kama shida yenu ni mkaa semeni mkaa. Msiwaombe tisheti, waombeni mtu anayejua sheria. Sisi ndio tulivyojua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaitambua kamati ya mazingira ya kijiji, tukaacha kubishana njiani tukapeleka hoja kwenye mkutano wa kijiji, tukaanza kudai sheria ndogo.

Anzeni kiangazi hiki hiki, mkisubiri Novemba watu watakuwa wameshaingia mashambani na mapanga.