Kumtegemea Mungu ukiwa na ghala la mpunga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Alikuwa na akiba ya ada ya mwanawe. Akaambiwa ibadani aitoe yote sadaka, aipande iwe mbegu, nayo itamrudia mara mia. Shule zimefunguliwa, mtoto yuko nyumbani, na alipokwenda kuuliza akajibiwa kuwa imani yake ni haba. Ananiuliza amekosea wapi.

Mdogo wangu, imani unayo. Umedanganywa. Fungua Marko 10:30 uisome mpaka mwisho: Yesu aliahidi mara mia "pamoja na udhia", na maneno hayo sijawahi kuyasikia yakitajwa wakati kapu la sadaka linapita. Paulo naye anasema tutoe bila huzuni wala lazima. Kesho nenda kwa mwalimu mkuu, umweleze ukweli, uombe kulipa kwa awamu. Usikope ili upande tena.

Naandika kwa uchungu kwa sababu na mimi nimepitishwa humo. Nafanya biashara ya mpunga Ubaruku, huku Mbarali. Tunanunua wakati wa mavuno, tunahifadhi, tunasubiri bei ipande. Msimu mmoja ghala lilijaa hadi mlangoni, sehemu ya fedha ikiwa ya mkopo, na wakati wa kuuza ulipofika bei ikaporomoka. Madalali waliokuwa wakinipigia alfajiri wakaacha kupokea simu. Kila asubuhi nilikuwa naingia ghalani, nafungua gunia la katikati, nachomeka mkono hadi kwenye kiwiko kusikia kama kuna joto, maana mpunga wenye unyevu ukianza kuchemka ndani ya gunia umekwisha. Jumapili hiyo kiongozi mmoja akasimama akasema wanaoanguka kibiashara ni wale wanaomwibia Mungu zaka. Watu wakageuka kunitazama. Na zaka nilikuwa natoa, tena kwa bahasha yenye jina langu. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Mwaka ule tulikula magunia yaleyale, tukipeleka mashineni debe moja moja. Ndipo Kutoka sura ya 16 ilipofunguka kwangu. Waisraeli wakiwa jangwani, kila mtu aliokota mana, chakula alichowashushia Mungu, kipimo cha omeri moja. Aliyeiweka hadi asubuhi kwa kutosikia, ikaingia mabuu na kunuka. Lakini ile ya siku ya sita, waliyoiweka kwa ajili ya Sabato kama Bwana alivyoagiza, haikuharibika. Kwa hiyo Mungu hana ugomvi na akiba. Hata yule tajiri wa Luka 12 ambaye Mungu alimwita mpumbavu, shamba lake lilizaa vizuri, na kuzaa vizuri si dhambi. Msikilize anavyoongea: mavuno yangu, ghala zangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika mipango yake yote hamna Mungu, hamna jirani, hamna hata vibarua waliomvunia.

Baadaye bei ikapanda, nikauza, nikamaliza deni. Leo ghala ni langu, hati ninayo, na sidaiwi na mtu. Nalisema waziwazi wasikie na wale waliogeuza shingo. Lakini Kumbukumbu la Torati 8 inanikataza kusema ni uwezo wa mkono wangu, kwa kuwa Bwana ndiye anayenipa nguvu za kupata utajiri. Nguvu amenipa, kwa hiyo siku ya mnada naamka usiku, nahesabu, naandika daftari. Mtu anayekesha akiomba halafu hajui amenunua gunia kwa shilingi ngapi, anamjaribu Mungu.

Wafanyabiashara wenzangu mliookoka, tusizungumze utegemezi kwa midomo tu. Mithali 11:26 inasema azuiaye nafaka watu watamlaani, kwa hiyo mimi kila mwezi nauza kiasi, hata kama nasikia Januari itakuwa tamu zaidi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo likauzwa kwa bei ya gunia moja, sinunui. Mkulima akija na gunia lililoshonewa kilemba juu, linapanda kwenye mizani, kilo zote analipwa. Wananiita mjinga sokoni. Unawezaje kuomba riziki ya leo kwa Baba yetu, halafu ukaichota kwenye gunia la mjane?

Na wapagazi walipwe siku hiyohiyo. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira wa kibarua utolewe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia. Msimwambie "njoo Ijumaa" mtu ambaye watoto wake wanasubiri unga jioni. Fedha taslimu zikiwa hazipo, uza gunia moja kwa bei yoyote ya siku hiyo, walipwe kwanza, ndipo ufunge ghala.