Je, Hitler aliamuru kila jambo?

SWALI: Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Sisi wazee wa barazani hapa Mji wa Kale hukutana baada ya Isha, na juzi kahawa ilipoa tukibishana juu ya Hitler. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, ashikilia kwamba kila kilichotendeka Ujerumani kilitoka kinywani mwake. Mwengine asema Hitler hakupenda kazi za ofisini, na walio chini yake ndio waliotawala. Wanahistoria wasemaje? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Mzee wangu, mabishano yenu yamewagawa wanahistoria kwa miongo kadhaa. Kundi la kwanza, alimo mwalimu wenu, husema Hitler alikuwa na shabaha tangu awali na aliifuata hadi mwisho. La pili, walimotangulia Wajerumani Martin Broszat na Hans Mommsen, lilichunguza serikali yenyewe na kukuta mkorogano: baraza la mawaziri lilikutana kwa mara ya mwisho Februari 1938, na wizara na chama cha Hitler, cha Nazi, ziling'ang'ania kazi zilezile. Mommsen alifikia kusema kwamba, kwa namna fulani, Hitler alikuwa dikteta dhaifu.

Neno hilo silikubali. Mwaka 1934 Werner Willikens, ofisa mkubwa wa wizara ya kilimo ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote la Ujerumani, aliwaambia maofisa wenziwe kwamba kiongozi hawezi kuamuru kila jambo kutoka juu, kwa hiyo ni wajibu wa kila mtu kufanya kazi kwa kuyaelekea matakwa yake. Ni juu ya hotuba hiyo ambapo Ian Kershaw wa Uingereza alijenga hoja inayonishawishi kuliko zote: wadogo walibashiri anachotaka mkubwa, wakashindana kumridhisha, na kila aliyepita mpaka wa mwenziwe alitumaini kupandishwa cheo. Mtu anayetimiziwa haja kabla hajaitamka si dhaifu hata kidogo.

Mwalimu naye ana ushahidi wake. Kibali cha kuwaua wagonjwa walioonekana hawaponi Hitler alikitia saini mwenyewe mnamo Oktoba 1939, kikaandikwa tarehe ya nyuma, 1 Septemba, siku vita vilipoanza. Kuhusu mauaji ya Wayahudi, hati ya namna hiyo haijapatikana, lakini kukosekana kwake hakumwondolei hatia. Wanahistoria wengi leo huona kwamba shauku ya walio chini na ridhaa ya aliye juu zilichocheana.

Ningependa baraza lenu litazame chini zaidi, mlangoni mwa mwananchi wa kawaida. Mwanahistoria Robert Gellately alisoma majalada ya polisi wa siri, Gestapo, katika mji wa Würzburg, ambako maofisa wachache mno walisimamia mkoa wenye mamia ya maelfu ya watu. Wasingeweza kusikiliza kila ukuta. Kesi nyingi zilianza kwa raia kwenda mwenyewe kumshtaki mwenziwe, na mara nyingi nyuma ya shtaka hakukuwa na siasa, bali ugomvi wa majirani au wa mume na mke.