Santuri ya Baba au Chapa Mpya?

SWALI: Nimerithi santuri ya jazi ya toleo la kwanza kutoka kwa baba, kisha nikanunua chapa mpya ya gramu 180. Mpya inavuma zaidi, lakini roho yangu iko kwa ile ya zamani. Je, ipi ni bora?

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya yote sawazisha sauti. Santuri iliyokatwa kwa sauti ya juu kidogo hulishinda sikio papo hapo. Mimi hutia alama za penseli kando ya kitufe cha sauti, moja kwa kila santuri, ndipo naketi. Na ioshe ya baba. Vumbi likijaa kwenye mifuo utailaumu bure.

Juzi nilirudia kipande kimoja mara 6. Kwenye ya zamani, brashi juu ya ngoma ilisikika kama mtu anafagia chumba cha pili. Kwenye mpya besi ilizama chini, imara, lakini yule mfagiaji akapotea. Tepu ya kurekodia, ambayo santuri hukatwa kutokana nayo, huchakaa, na santuri ya kwanza ilikatwa tepu ikiwa changa.

Hizo gramu 180 zisikutishe, uzito hauongezi muziki. Ila uzee nao si ushahidi: upande wa kwanza wa Kind of Blue, albamu ya 1959 ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis, ulitoka ukienda kasi kidogo kwa hitilafu ya mashine ya kurekodia, na matoleo ya miaka ya 1990 ndiyo yaliyousahihisha.

Ya baba usiiuze. Badilisha sindano kwanza, usikilize tena.