Jibu: Kwa nini mwaka 1850 uko karne ya 19, na je, kuna mwaka sifuri?

Ndugu, hilo la kwanza ni jepesi. Karne ya kwanza ilianza mwaka 1 ikaisha mwaka 100, kwa hiyo 1801 hadi 1900 ni karne ya 19. (Waliosherehekea karne mpya Januari 2000 waliwahi mwaka mzima!)

Mwaka sifuri haupo. Mtawa Dionysius Exiguus, aliyeanzisha hesabu ya BK mwaka 525, hakuuweka. Ukitoka 1 KK unaingia moja kwa moja 1 BK, na hapo ndipo wengi wanateleza. Mchukue Kaisari Augusto: alizaliwa Septemba, mwaka 63 KK, akafariki Agosti, mwaka 14 BK. Jumlisha 63 na 14 upate 77. Toa 1 kwa ajili ya sifuri isiyokuwepo, inabaki 76. Na kwa kuwa alifariki kabla siku yake ya kuzaliwa haijafika, alikuwa na miaka 75.

Wanaastronomia, wao sifuri wanaitumia: 1 KK kwao ni 0, na 63 KK ni -62. Kwa hiyo ukikuta mwaka wa kupatwa kwa jua una alama ya kutoa, usiusome kama KK hivihivi.