Muulize Anti: Kaka yupo Ujerumani ila Kijerumani hakitaki

*Shikamoo Anti. Kaka yangu alikuwa anafundisha fizikia sekondari hapa Dar, Tabata nzima wanamwita Ticha. Akaoa Mjerumani, akasoma pale Goethe Upanga, mtihani wa A1 wa viza, ile ngazi ya kwanza ya lugha, akapasi mara moja tu, akaondoka. Sasa kule kozi anakacha, kazi kapata ghalani na Waghana na Wanaijeria wanaongea Kiingereza tu, akirudi nyumbani ni simu na magrupu ya Yanga hadi usiku. Wifi anatulalamikia eti kaka mvivu, na mama kila Jumapili anamtumia voisi "soma mwanangu". Hivi ni uvivu au ameikataa nchi ya watu? – Mdogo mtu, Tabata*

Marahaba mdogo wangu. Uvivu mi siuoni hapo, mvivu gani anapasi A1 mara moja? Wakati ule alikuwa anajiona nani? Mume anayemfuata mkewe, na kila neno alilomeza lilikuwa linamsogeza airport. Sasa kafika, anakaa darasani na kozi ya serikali ni vipindi 600 vya lugha na 100 vya sheria na historia yao ili afike B1, ngazi ya katikati, na hiyo B1 yenyewe haimrudishi ubaoni, maana ualimu kule kwa kawaida wanataka C1 au C2, zile ngazi za juu kabisa. Mtu aliyezoea darasa zima kusimama akiingia, leo anasahihishwa "der" na "die", vineno vya kuweka mbele ya majina, kama mtoto wa chekechea, halafu mnamshangaa anakimbilia grupu la Yanga ambako bado ni Ticha na akisema neno watu hamsini wanajibu!

Zamani wataalamu, kina Gardner na Lambert wa Kanada, walikuwa wanasema kuna anayejifunza lugha ili aingie kwa wenyewe na kuna anayeitaka kwa ajili ya kazi au masilahi. Sawa, ila kuna mama mmoja anaitwa Bonny Norton, mwaka 1995 aliandika kuhusu wanawake 5 wahamiaji hukohuko Kanada, na yeye akauliza maswali ya maana zaidi: huyu mtu akifungua mdomo nani anamsikiliza, na hiyo lugha inamfanya awe nani? Mmoja wao, kwenye maandishi anaitwa Katarina, alikuwa mwalimu kwao Poland. Mwalimu wake wa Kiingereza akamwambia kingereza chake hakitoshi kusoma kozi ya kompyuta, akaona anadharauliwa kama mhamiaji wa hivihivi tu, akaacha darasa. Huyo si ndo kaka yako kabisa?

Mwingine, Martina, alikuwa anafanya kazi kwenye mgahawa na vijana wadogo, wanamwachia usafi, wao wanapiga stori. Kingereza chake cha kuungaunga, lakini akajiambia hawa ni kama wanangu tu, akawa anawaamrisha kama mama. Hakungoja ajue vizuri ndo aongee, alipata cheo cha kuongelea, hapo ndo ninapotaka nyie mshike.

Na wala msione ni mambo ya Ulaya. Hapahapa mjini tukimpata wa kuja kutoka Musoma amechanganya "r" na "l" kwenye daladala tunamcheka mpaka Posta, kesho yake ananyamaza kimya, na sisi hatukosi kusema jamaa ana roho mbaya haongei na watu.

Sasa mfanye nini. Mama aache hizo voisi, zinamkumbusha tu kwamba kashindwa. Wifi naye asimsahihishe mbele za wageni, na asimsemee kila dukani, mume akigeuzwa mtoto nyumbani hiyo lugha ataichukia kabisa. Halafu atafutiwe sehemu ambayo Kijerumani kinamhitaji yeye. Kuna watoto wa Kijerumani wanapigwa na hesabu na fizikia kama wa kwetu, amfundishe hata mmoja wa jirani bure, mtoto atamcheka matamshi lakini kwenye fomula atamheshimu. Na kama ni mpira, timu za mtaani ziko hadi vijijini, aende akabishane offside kwa Kijerumani kibovu. Kozi asiiache, ila kozi peke yake haimtoshi.

Kuikataa nchi ya watu mi sidhani, ila muulizeni yeye mwenyewe, na msianze na habari za kozi, anzeni na kazi, anajisikiaje pale ghalani. Nahisi hakuna aliyewahi kumuuliza.

*Anti, bosi wangu Mchina Kariakoo ana miaka mingi hapa, Kiswahili chake ni "shingapi", "mwisho" na "hakuna deni". Kwa nini hajifunzi zaidi? – Kijana wa Kongo Street*

Kwani akijifunza zaidi atapata nini? Anauza, analala na wenzake, anakula kwao, hajioni kama mtu wa hapa na nyie hamjawahi kumwita hata kwenye kitchen party. Kiswahili anachokitaka anacho chote. Hicho cha "hakuna deni" hata mimi najua kinamtosha. Siku akichumbia Temeke utanambia.