Mafuta Yaliyochacha na Seli Iliyokataa Kugawanyika

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Ninakaanga viazi karai na bajia hapa Langoni, Lamu, na mafuta huyarudia siku tatu au nne kabla ya kuyamwaga. Katika mafunzo ya afya tuliambiwa kwamba mafuta ya namna hiyo, pamoja na moshi, huzidisha mwilini mabaki yanayoumiza DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, mpaka seli ikaacha kugawanyika. Mwenzangu anasema huko kuacha kugawanyika ndiko kuanza kwa saratani, na amekwisha kununua vidonge vya kujikinga. Je, ni kweli?
Mama wa Langoni

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama. Mwenzako amelishika jambo kinyume. Saratani ni seli zinazogawanyika pasipo kukubali kusimamishwa. Seli iliyoumia inaposimama hutukinga nayo, ingawa kusimama huko kukidumu huleta madhara yake.

Bila shaka unaijua harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi kule Matondoni. Mafuta yakikutana na oksijeni huchacha, na jambo hilohilo hutokea kwa kasi zaidi katika karai lako, na kwa kiasi kidogo katika miili yetu, kwa kuwa utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta. Seli inapotumia oksijeni kuunguza chakula, huponyokwa na radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenziwe, ambazo hunyang'anya elektroni kwa chochote kilicho jirani. Zikiushambulia utando, mafuta yake huvunjika na kuzaa malondialdehidi na hidroksinonenali. Mazao haya yanastahili kuogopwa kwa sababu radikali kali kabisa huisha palepale ilipozaliwa, lakini yenyewe hudumu muda wa kutosha kusafiri kutoka kwenye utando hadi kwenye kiini, ilimo DNA.

DNA imeandikwa kwa herufi nne za kikemia, na inayodhurika kwa wepesi zaidi ni guanini. Malondialdehidi huiganda guanini, na kimeng'enya kinachonakili DNA kikifika hapo hukwama au hukosea. Radikali nazo huigeuza guanini kuwa oksoguanini, ambayo badala ya kuoana na herufi mwenziwe, sitosini, hukubali kuoana na herufi nyingine, adenini, na kosa hilo lisiporekebishwa hurithiwa na seli zote zitakazozaliwa. Mwenyezi Mungu hakutuacha bila mafundi: vimeng'enya maalumu huzikagua herufi, hung'oa iliyoharibika na kutia nzima. Tomas Lindahl wa Sweden, aliyeugundua ufundi huu, alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Ufundi huo unahitaji muda, kama vile jahazi linalovuja lisivyoweza kukalafatiwa likiwa katikati ya bahari, bali hupwelezwa kwanza. Anayeipweleza seli ni protini iitwayo p53. Ikipata habari kwamba DNA imejeruhiwa, huamrisha kutengenezwa kwa protini nyingine, p21, nayo huzifunga injini zinazoisukuma seli kuingia katika hatua ya kunakili DNA. Jeraha likipona, seli huendelea. Likiwa kubwa mno, seli hujiua, au hubaki hai bila kugawanyika tena maisha yake yote. Seli za namna hii ya mwisho zikilimbikizana hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, kama ule wa jeraha linalowaka, katika viungo vilivyo jirani, na hayo ndiyo madhara niliyoyataja mwanzoni. Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ni kumpoteza mlinzi mwenyewe: katika takriban nusu ya saratani za binadamu, jeni ya p53 imeharibika.

Kuhusu vidonge, mwambie mwenzako asitarajie mengi, hasa kama kuna mvutaji sigara nyumbani. Utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994, uliohusisha wanaume wavutaji zaidi ya 29,000, ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, mojawapo ya vidonge vinavyotarajiwa kuzizima radikali, walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi kuliko wasiopewa. Matunda na mboga aendelee navyo.

Karai lako, Mama, lipunguzie moto kabla mafuta hayajaanza kutoa moshi, uyachuje makombo kila jioni, na yakiwa meusi, yakifanya povu au yakinuka kuchacha, yamwage siku hiyohiyo, hata kama ni siku ya pili tu.