Dune ya zamani, nifute au nisifute?

SWALI: Mambo vipi, mi nimeangalia muvi zote mbili za Dune za dairekta Villeneuve, ya 2021 na ya 2024, nikanogewa, nikamwambia jamaa anayetuwekea muvi kwenye flashi anitafutie na ile ya zamani. Sasa inaanza na picha za kuchora, mwanaume anasimulia weee mpaka nikahisi nimewekewa katuni, halafu dairekta kaandikwa Alan Smithee. Kaka yangu anasema takataka hiyo, futa. Nifute? Na huyo Smithee ndo nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Futa hiyo uliyonayo, ila Dune ya 1984 yenyewe usiikatae. Smithee hayupo duniani, ni jina walilokuwa wanaweka madairekta wa Marekani wakiikana kazi yao. Mwenyewe ni David Lynch. Muvi ilipokatwakatwa upya kwa ajili ya TV mwaka 1988, ikavutwa mpaka saa tatu bila yeye kushirikishwa, akakataa jina lake kuonekana, na kwenye uandishi wa skripti akajiita Judas Booth, yaani Yuda aliyemsaliti Yesu ukamchanganya na Booth aliyemuua rais Lincoln wa Marekani, ujue mtu kakasirika kiasi gani! Ukiangalia vizuri hiyo yako utaona kuna Fremen, wale watu wa jangwani, macho yao si ya bluu kama inavyotakiwa, kwa sababu vipande vilivyookotwa vilikuwa havijapakwa rangi.

Hata ile ya kwanza haikuwa mteremko. Dairekta Jodorowsky alihangaika na kitabu cha Frank Herbert kilichozaa muvi hii miaka ya 70 akakwama, dairekta mwingine Ridley Scott akashika akaachia akaenda kufanya muvi ya Blade Runner, mwisho familia ya maprodyuza ya De Laurentiis ikampa Lynch, wakashuti Mexico, dola milioni 40 hivi, hela ndefu kwa enzi hizo. Lynch alitaka karibu saa tatu, wenye hela wakataka mbili na kidogo, na neno la mwisho halikuwa lake. Ndo maana nusu ya kwanza inatembea kwa mapozi halafu ya pili inakimbizwa kama daladala inayowahi abiria, miaka miwili jangwani inapita kwa sauti ya msimulizi tu. Kwenye kumbi zingine watu waligawiwa karatasi ya maana za maneno (sisi tungeshajua lile jina analopewa shujaa Paul, Usul, ni usuli hiyohiyo, msingi wa nguzo). Marekani ikaingiza kama milioni 30, basi, ikaitwa hasara.

Mi naitetea kwa macho. Cheki mwanzo pale Navigator, kiumbe anayeongoza vyombo vya angani, anapoletwa kwa mfalme, tangi jeusi kubwa kama behewa linaingia kwenye ukumbi wa dhahabu, kioo kinafunguka, ndani kuna kidudu kinaelea kwenye moshi wa rangi ya chungwa, na wakiondoka wahudumu wanabaki wanasafisha sakafu. Villeneuve kwake ni usafi na ukubwa, hapa unahisi mpaka harufu. Mvua ya mwishoni ndo siwezi kuitetea, maji ni sumu kwa wale minyoo wakubwa wa jangwani, na spaisi, ule unga wa thamani wanaougombania, inatokana na hao minyoo, sasa itatoka wapi?

Mwambie jamaa akuwekee ya dakika 137. Ikianza ukaona uso wa mwanamke unaongea katikati ya nyota, ndo yenyewe.